Plastiki Iliyozama Tudor Bado Imo Baharini

Ukitia shabu kwenye ndoo ya maji ya tope ukakoroga, baada ya muda tope hushikana mabonge mabonge, likatua chini, na maji ya juu yakabaki meupe. Kitu kama hicho hutokea katika hori ya Tudor, hapa Mombasa, bila mtu yeyote kutia shabu. Mvua za masika zikinyesha, mito ya Kombeni na Tsalu hushusha maji mekundu kwa udongo, na yakikutana na chumvi, tope huanza kushikana. Ndani ya tope hilo mna plastiki zisizozidi milimita 5, zile ziitwazo maikroplastiki: nyuzi za nguo, vumbi la matairi, mabaki ya mifuko iliyokatikakatika kwa jua. Nazo hushikana humo humo.

Wapo wanaosema basi hiyo ni heri, bahari hujisafisha yenyewe. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na haifai kupuuzwa, maana nusu yake ni kweli.

Chembe nyingi za plastiki zikiwa majini hubeba chaji hasi, na za udongo vilevile. Zenye chaji ya namna moja hufukuzana. Mtoni zinaweza kusafiri mbali zikiwa mbalimbali hivyo, hasa zikivikwa ile rangi ya kahawia itokayo kwenye majani yaliyooza, ambayo huzidi kuzitenga. Chumvi ya bahari huibana nguvu hiyo ya kufukuzana. Chembe husogeleana hadi mvutano wa karibu ukazishika. Kisha bakteria na mwani mdogo hutanda juu ya plastiki, hutoa ute, na ute huo hunata kama gundi. Kwa kuwa majini mna udongo na mabaki ya viumbe mengi kuliko plastiki, kipande cha plastiki hushikamana zaidi na hivyo kuliko na plastiki mwenzake.

Hapo uzito hubadilika. Sentimita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina takribani gramu 1.025. Plastiki ya mifuko, polithini, ni kati ya 0.91 na 0.97, kwa hiyo ilipaswa kuelea. Ikibebana na udongo, inazama. Plastiki ya chupa za soda, yenye gramu 1.38 hivi, huzama hata bila msaada.

Kwa hiyo uso wa maji hupata nafuu kweli. Samaki wanaokula juu hukutana na vipande vichache zaidi, na kipande kilichofukiwa chini kabisa kwenye tope la mikoko hakipigwi tena na jua wala mawimbi, ambayo ndiyo huvunja plastiki kubwa ikawa elfu ndogo. Mikoko ya Tudor na ya Port Reitz hupunguza kasi ya maji na kuyafanya yatue mashapo. Anayesema mikoko ni ghala la uchafu wetu hasemi uongo.

Lakini ghala hilo lina wakazi. Kaa wa mikoko huchimba mashimo na kulipandisha juu tope la chini. Chaza huchuja maji kutwa kucha, na kamba hupekua chakula chake papo hapo kwenye mashapo. Chembe iliyokuwa ndogo mno kuonwa na mnyama, ikishikamana na mwani na ute, huwa tonge: ina ukubwa wa chakula, ina harufu ya chakula. Kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote. Kushikana kunaiondoa plastiki machoni pa mtalii wa Nyali na kuisogeza kwenye sahani ya familia inayookota chaza na kutega kaa.

Tena tope halitulii. Maji ya bamvua hulitibua, na meli kubwa Kilindini zinahitaji mkondo uchimbwe ili zipite. Huko bahari kuu nako kuna jambo la kufikirisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kinyesi cha wale wadudu wadogo wa baharini waitwao kopepodi, kikiwa na chembe za plastiki, huzama polepole kuliko kawaida. Kinyesi hicho ni njia mojawapo ya kaboni kushuka vilindini.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4, niliiunga mkono na naiunga bado. Usafi wa ufukweni pia una faida moja kubwa: chupa iliyookotwa leo haitavunjika kesho. Ila hakuna sheria ya mifuko inayozuia nyuzi za nguo zinazofuliwa Kisauni, wala vumbi la matairi linalosombwa na mvua kutoka barabara ya Makupa. Na hakuna kijana mwenye gunia awezaye kuokota bonge la tope lenye nyuzi.

Ndiyo maana naona kushikana kwenyewe ndiko silaha yetu, mradi kutokee kabla ya bahari. Mitambo ya maji ya kunywa hutumia shabu kila siku kwa kazi hiyo hiyo, na katika mitambo ya maji taka sehemu kubwa ya plastiki hushikana na kinyesi na kutua pamoja na tope. Mtaa ambao maji yake machafu yanateremka moja kwa moja horini haupati faida hiyo. Fedha za mazingira za kaunti ningezipeleka huko kwanza, kwenye mabomba na mabwawa ya kutulizia, kabla ya kampeni nyingine ya fulana na glavu.

Wapinzani wana swali zuri hapa: tope hilo litakwenda wapi? Likimwagwa shambani kama mbolea, plastiki imehamia kwenye mihogo ya watu. Likilazwa karibu na maji, kama jaa la Kibarani lilivyokaa miaka mingi ukingoni mwa Makupa kabla ya kufungwa, masika ya kwanza italirudisha lilikotoka. Eneo la kulikausha, lenye sakafu isiyopitisha maji na mbali na mkondo wowote, linapaswa kuwamo kwenye mchoro wa mtambo tangu siku ya kwanza, na bei yake iwemo kwenye hesabu.