Mbele ya njia ya kurukia: nafasi ya ndege au shamba la mikorosho?

Januari 31, 2025, ndege ndogo ya kubeba wagonjwa iliruka kutoka Philadelphia, Marekani, na kabla hata ya dakika mbili ikaangukia mtaa wenye nyumba na maduka. Wote 6 waliokuwamo walikufa, na moto ukawakuta watu ambao hawakuwa na safari yoyote. Ajali kama hiyo ikitokea, mazungumzo yetu huishia kwa rubani na injini. Mimi naitazama ardhi: mbele ya njia ya kurukia kulikuwa na nini?

Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, swali hilo linagusa mikorosho.

Rubani wa ndege ya injini moja hufundishwa kwamba injini ikizima mara tu baada ya kupaa, asijaribu kurudi uwanjani. Akikata kona akiwa chini hivyo, ndege hupoteza mwendo na kimo kwa pamoja, mabawa yanashindwa kuibeba. Anatakiwa ainamishe pua atue hukohuko mbele. Ndege ndogo ya aina ya Cessna iliyofika mita 60 juu, kwa hesabu nzuri kabisa, itaserereka kama nusu kilomita. Pakiwa wazi, watu wanaweza kutoka na mifupa iliyovunjika. Pakiwa na mashina ya mikorosho, sioni watatokaje.

Kanuni za kimataifa zinalijua hilo. Kwa viwanja vikubwa, kuanzia mita 60 baada ya mwisho wa njia, kimo kinachoruhusiwa kwa miti na majengo hupanda mita 2 tu kwa kila mita 100. Mkorosho wa mita 10 ulio nusu kilomita kutoka hapo tayari umefika mpakani.

Basi mikorosho ikatwe? Ngoja kwanza. Mkorosho huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, kisha humlisha mwenyewe miongo kadhaa. Ndio ada za watoto, ndio bati za nyumba, ndio akiba ya mzee asiye na pensheni. Ibara ya 24 ya Katiba inasema mali haichukuliwi bila fidia inayostahili. Lakini mnajua mambo yanavyokwenda: mthamini anapita, X nyekundu inapigwa ukutani, mtu anaambiwa asiendeleze chochote, halafu kimya. Hajalipwa, na hawezi hata kuziba ufa. Mtu huyo ukimwambia habari za usalama wa ndege, ambazo pengine hajawahi kuzipanda, ana haki ya kukasirika. (Na ajali zenyewe, tuseme kweli, ni nadra.)

Hata hivyo naegemea upande wa nafasi wazi, kwa sababu ya Philadelphia: ndege ikianguka, mwenye shamba naye yumo hatarini. Ila nafasi wazi haina maana ya pori la serikali. Ufuta ni mfupi, na Lindi inaujua vizuri. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele hapo Mtwara wanatafiti korosho na ufuta pia. Mwenye shamba abaki na ardhi, abadilishe zao.

Tatizo ni kwamba ufuta unataka jembe kila msimu, na mkorosho humvumilia mwenyewe hata akizeeka. Kwa hiyo fidia ihesabu miaka iliyobaki ya mti, siyo mavuno ya mwaka huu, na ilipwe kabla ya rangi nyekundu kufika ukutani.