Walioaibishwa na Waliolipwa: Kutazama Upya Vipindi vya Kutafuta Mchumba vya Miaka ya 2000

Kila vipande vya zamani vya vipindi vya televisheni vya kutafuta mchumba vinapoibuka tena katika simu za watu, mjadala huanza upya na kufuata njia ileile. Upande mmoja husema kwamba vipindi vile vya Marekani na Uingereza, vilivyorushwa kati ya mwaka 2000 na 2009 hivi, vilikuwa ukatili uliovikwa vazi la mapenzi. Upande wa pili husema ilikuwa burudani ya watu wazima waliotia saini kwa hiari yao, na kwamba si haki kuipima jana kwa mizani ya leo. Nazichukulia hoja zote mbili kwa uzito. Lakini katika mabishano hayo wapo watu ambao hawana mtetezi upande wowote, nao ni washiriki wenyewe. Wanaovilaani vipindi huwaona kuwa wajinga waliouingia mtego huku wanauona. Wanaovitetea huwaona kuwa waroho waliopata walichokitafuta.

Chukua usiku wa tarehe 15 Februari 2000. Kituo cha Fox kilirusha kutoka Las Vegas kipindi kilichochukua muda wa saa 2, Who Wants to Marry a Multi-Millionaire?, ambamo wanawake 50 walishindania kuolewa na mwanamume ambaye hawakuonyeshwa ila kivuli chake. Mwishoni mwanamume huyo, Rick Rockwell, alimchagua Darva Conger, muuguzi wa idara ya dharura, na ndoa halali ikafungwa papo hapo mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 20. Siku chache baadaye The Smoking Gun, tovuti iliyojulikana kwa kuchapisha nyaraka za mahakama, ilionyesha kwamba mwaka 1991 aliyekuwa mchumba wa Rockwell alipewa zuio la mahakama dhidi yake, akidai kwamba alimpiga na kumtishia. Rockwell alikanusha kumpiga. Fox ilifuta marudio ya kipindi, na Aprili mwaka huohuo ndoa ikabatilishwa.

Kosa hapa lilikuwa wazi: kampuni iliyomwozesha mwanamke mbele ya taifa zima haikujua jambo ambalo tovuti ndogo ililipata kwa kufukua majalada. Hata hivyo aliyebeba kicheko ni Conger. Aliposema kwamba amejutia, aliambiwa kuwa ni mwanamke wa kutafuta pesa. Alipokubali baadaye kupigwa picha kwa malipo, waliomwita hivyo waliona kwamba wamethibitishiwa. Wakubwa wa Fox waliahidi kuachana na vipindi vya namna hiyo, na Januari 2001 walirusha Temptation Island, kilichowapeleka wapenzi kwenye kisiwa cha Belize kuona kama watasalitiana.

Intaneti ya wakati ule ilikuwa na sehemu yake. Ndiyo iliyofichua kile ambacho kituo kilishindwa kukiona, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini ni The Smoking Gun hiyohiyo ambayo mwaka 2003 iliufukua ujana wa Sarah Kozer, mmoja wa washiriki wawili wa mwisho wa Joe Millionaire, kipindi kingine cha Fox, na kuwaonyesha wasomaji filamu ambazo aliwahi kuzicheza kabla hajafika kwenye kipindi. Uchunguzi uliofaa kumlinda mwanamke mmoja uligeuka silaha ya kumchafua mwingine, na kwa kuwa kinachoingia mtandaoni hakizeeki kama gazeti la juzi, watu hawa wamekuwa wakihukumiwa upya kila kinapokuja kizazi kipya cha watazamaji.

Upande wa pili una hoja zinazostahili kusikilizwa. Watayarishaji wanasema, na ni kweli, kwamba hakuna aliyeburutwa hadi studio. Wanasema pia kwamba si kila mapenzi ya kamera yalikuwa ya uongo: Trista Rehn, mwanamke wa kwanza kuongoza The Bachelorette mwaka 2003, kipindi ambamo wanaume wengi humshindania mwanamke mmoja, aliolewa na Ryan Sutter Desemba mwaka huo, na ndoa yao imedumu zaidi ya miaka 20. Wanaongeza kwamba vipindi hivi viliwaleta kwenye skrini watu ambao tamthilia za kawaida hazikuwa na nafasi nao. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi. Kituo cha Marekani cha VH1 kiliporusha Flavor of Love mwaka 2006, ambamo wanawake wengi wao weusi walimshindania Flavor Flav wa kundi la rap la Public Enemy, wakosoaji walisema kwamba kipindi kilikuwa kinarudisha picha za kudhalilisha za wanawake weusi: wagomvi, wenye kelele, wasio na haya. Walikuwa na sababu. Lakini kumbuka kwamba The Bachelor, kipindi ambamo wanawake humshindania mwanamume mmoja, kilichoanza mwaka 2002, hakikuwa na mwanamume mweusi kama mhusika mkuu hadi Matt James mwaka 2021. Tiffany Pollard, aliyejulikana kwa jina la New York, alitoka katika Flavor of Love akapata kipindi chake mwenyewe mwaka 2007, na ucheshi wake, uso wake na namna yake ya kumjibu mtu vimekuwa lugha ya picha inayotumiwa leo na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kutazama kipindi chenyewe. Anayesema kwamba mwanamke huyo alidhalilishwa tu, bila kuona kipaji kilichokuwa kinafanya kazi pale, anamnyang'anya kile alichokijenga.

Nimetumia neno kazi kwa makusudi. Kipaji kile kilikuwa kazi, na hiyo ndiyo sehemu ambayo pande zote mbili huiruka.

Rudi kwenye Joe Millionaire. Wanawake 20 walipelekwa kwenye kasri nchini Ufaransa na kuambiwa kwamba Evan Marriott amerithi dola milioni 50, ilhali alikuwa mfanyakazi wa ujenzi aliyetajwa kupata dola 19,000 kwa mwaka. Kipindi cha mwisho, Februari 2003, kilitazamwa na watu wapatao milioni 40 katika saa yake ya mwisho. Watetezi husema kwamba uongo ule ulikuwa mtihani wa haki: tuone nani anampenda mtu na nani anapenda mali. Lakini wanawake wale walichaguliwa na watayarishaji, wakaambiwa na watayarishaji kwamba mtu huyu ni tajiri, wakavalishwa magauni, kisha wakalaumiwa kwa kuamini walichoambiwa. Kozer aliingia vichakani na Marriott, kamera zikabaki nje, na watazamaji wakasikilizishwa sauti pamoja na maandishi ya chini ya skrini yaliyowafanya waamini kwamba kuna tendo la ngono linaendelea. Yeye alisema baadaye kwamba halikutokea, na kwamba sauti na maneno viliunganishwa kutoka sehemu nyingine. Mtazamaji hana njia ya kupima, na mshiriki hana njia ya kusahihisha, kwa sababu mikataba ya vipindi vya aina hii kwa kawaida humpa mtayarishaji ruhusa ya kuhariri atakavyo.

Nchini Uingereza uongo ulivuka mpaka. There's Something About Miriam, kilichorekodiwa mwaka 2003 kisiwani Ibiza, kiliwaweka wanaume 6 kumshindania Miriam Rivera, mwanamitindo kutoka Mexico, bila kuwaambia kwamba alizaliwa na maumbile ya kiume. Wanaume walipojua walifungua shauri. Likamalizwa nje ya mahakama, na kituo cha Sky One kikakirusha kipindi Februari 2004. Kwa miaka mingi mjadala ulikuwa juu ya wanaume tu, kama walidhulumiwa au la, na naamini walidhulumiwa. Lakini Rivera naye alifanywa kuwa kitendawili ambacho jibu lake lilikuwa mwili wake mwenyewe, na wakati wote wa kurekodi watayarishaji walijua kwamba kilele cha kipindi kitakuwa ni watu kumchukia au kumcheka. Alifariki mwaka 2019 nchini Mexico.

Kuna nchi moja ambayo ililikabili suala hili kwa umakini, na ninashangaa kwamba halitajwi karibu kabisa katika kumbukumbu za vipindi hivi. Ni Ufaransa. Toleo la Kifaransa la Temptation Island, L'Île de la tentation, lilirushwa na kituo cha TF1. Washiriki walikuwa wametia saini karatasi iliyoitwa kanuni za ushiriki, wakapewa euro 1,525 zilizoitwa malipo ya awali ya mrabaha. Baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai kwamba karatasi ile, kwa jina lolote itakaloitwa, ilikuwa mkataba wa ajira. Mahakama ya rufani ya Paris ilikubaliana nao mwaka 2008, na tarehe 3 Juni 2009 mahakama ya juu kabisa ya mashauri ya aina hiyo ikaithibitisha sehemu hiyo ya hukumu.

Sababu walizozitoa majaji zinafaa kusomwa polepole. Washiriki walilazimika kushiriki katika shughuli na mikutano iliyopangwa. Walifuata kanuni ambazo mtayarishaji alizitafsiri peke yake. Matukio mengine yalirudiwa ili kamera iyapate vizuri. Saa za kuamka na za kulala zilipangwa na mtayarishaji. Walitakiwa kuwa tayari wakati wote, hawakuruhusiwa kutoka eneo wala kuwasiliana na watu wa nje, na aliyevunja masharti angeweza kurudishwa nyumbani. Kilichotokana na haya yote kilikuwa bidhaa yenye thamani ya kiuchumi. Majaji walisema kwamba kuwapo kwa ajira hakutegemei matakwa ya waliotia saini wala jina walilolipa karatasi yao. Kunategemea namna kazi inavyofanyika kwa kweli.

Wapo waliokereka, na kukereka kwao si upuuzi. Waliuliza ni kazi gani hiyo ya kuota jua na kujaribiwa mapenzi, na kama mtu akilipwa mshahara kwa kupenda, je, mapenzi yenyewe hayageuki kuwa maigizo? Hili ni swali gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu watazamaji waliahidiwa hisia za kweli, na mkataba wa ajira unaonekana kuiondoa ahadi hiyo. Majaji walilijibu kwa kutenganisha mambo mawili. Kilichouzwa hakikuwa maisha binafsi ya washiriki yaliyopigwa picha kwa bahati; walitakiwa kuziweka hisia zao katika mtihani mbele ya kamera, kwa ratiba na mazingira ambayo kamwe hawangekutana nayo katika maisha yao ya kawaida. Muuguzi humhurumia mgonjwa kwa dhati na bado hulipwa. Ukweli wa hisia haumfutii mtu haki ya ujira. Mahakama haikuwapa washiriki kila walichoomba: fidia ya kuajiriwa kwa siri waliyoipata Paris ilitenguliwa, kwa kuwa nia ya kampuni kuficha ajira haikuthibitishwa. Wala vipindi havikufa. Televisheni ya Ufaransa iliendelea kuvitengeneza kwa wingi, na Les Anges de la téléréalité kilianza mwaka 2011, baada ya hukumu.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu likishakubaliwa, mengi yaliyosemwa kuhusu miaka ile hubadilika sura. Alama ya mroho hugeuka kuwa mtu aliyefanya kazi mchana na usiku kwa malipo madogo au bila malipo kabisa. Mwanamke anayelia saa 9 za usiku mbele ya kamera hageuki kuwa kichaa. Ni mtu aliyenyimwa usingizi na simu ya nyumbani. Na suala la usalama huacha kuwa hisani ya kituo, likawa wajibu wa mwajiri. Mwaka 2009 VH1 ilikuwa imerusha sehemu 3 tu za kipindi cha Megan Wants a Millionaire pale mshiriki wake mmoja, Ryan Jenkins, alipotafutwa na polisi kwa mauaji ya mke wake, Jasmine Fiore, ambaye alimwoa baada ya kurekodi. Jenkins alikutwa amekufa nchini Kanada, na kipindi kikaondolewa. Ikabainika kwamba alikuwa na hukumu ya shambulio nchini Kanada ambayo uchunguzi wa watayarishaji haukuiona. Sidai kwamba uchunguzi bora ungezuia kifo kile, kwani hakuna awezaye kujua. Ila ilikuwa miaka 9 tangu suala la Rockwell, na kosa lilikuwa lilelile.

Hapa ndipo nashindwa kukubaliana na wanaosema kwamba mambo yale yamepita. Mwaka 2022 Jeremy Hartwell, aliyeshiriki kipindi cha kutafuta mchumba cha Love Is Blind, aliwashtaki Netflix na watayarishaji akidai kwamba washiriki walifanya kazi hadi saa 20 kwa siku kwa dola 1,000 kwa wiki, wakipewa pombe kwa wingi na chakula kidogo, huku wakitishiwa kulipa dola 50,000 iwapo wangeondoka mapema. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya takriban dola milioni 1.4, bila uamuzi wa kama walikuwa waajiriwa. Kisha Desemba 2024 ofisi ya bodi ya taifa ya uhusiano kazini ya Marekani ilifungua malalamiko rasmi dhidi ya watayarishaji hao, ikisema kwamba washiriki ni wafanyakazi na kwamba vifungu vya usiri na vya adhabu katika mikataba yao ni kinyume cha sheria.

Vifungu hivyo vya usiri ndivyo vyenye uzito kwa watu wa miaka ya 2000. Mfanyakazi wa Marekani ana haki ya kuzungumza na wenzake na hata na umma juu ya hali ya kazi yake, na mwajiri hawezi kuifuta haki hiyo kwa karatasi. Wengi wa washiriki wa wakati ule walifungwa midomo kwa tishio la fidia kubwa, kwa hiyo tulichonacho ni simulizi ya wahariri pekee, na ni hiyo tunayoipitia leo tunapocheka au tunapolaani. Wachache waliothubutu kusema, kama Kozer, walisema kwa sauti ya mtu mmoja mbele ya kipindi kilichokwisha kuonwa na mamilioni.