Ukuta Uliogeuka Kazi

Kila anayeandika kuhusu kondoo wa North Ronaldsay, kisiwa kidogo cha Orkney huko Scotland, hukimbilia sifa ileile: kondoo wa kale, mbegu safi, binadamu hajamgusa. Sikubali. Kondoo yule kafanywa alivyo na ukuta, na ukuta hujengwa na watu.

Mwaka 1832 ulijengwa kuzunguka kisiwa chote, karibu kilomita 20 za mawe matupu, bila chokaa wala saruji. Nia haikuwa kumhifadhi. Alikuwa anafukuzwa! Malisho ya ndani yabaki kwa ng'ombe na mazao, yeye aende ufukweni akajitafutie.

Huko akakuta mwani. Siku yake haifuati jua, inafuata maji. Yakipwa anashuka miambani, anang'ata ule mwani mpana wa kahawia unaoteleza kama mkanda wa ngozi uliolowa, anarudisha kichwa nyuma mpaka ukatike. Yakijaa anapanda juu, anajilaza, anacheua. Akina mama wanaolima mwani kule Paje, Zanzibar, wangeielewa ratiba hiyo bila kufafanuliwa, ila wao husubiri bamvua, siku ambazo maji hupwa mbali zaidi. Hata majira ya baridi, kondoo wengine wakikonda, huyu hunenepa, kwa sababu dhoruba humtupia mwani miguuni.

Lakini mwani una shaba kidogo mno, na mwili wake umezoea kuidaka kuliko wa kondoo wengine. Mwache kwenye majani muda mrefu, shaba itajaa ini na kumuua. Majike huingizwa ndani msimu wa kuzaa, miezi michache tu, kisha hurudishwa ufukweni na watoto wao. Ukuta uliowekwa kuyakinga majani yasiliwe na kondoo, leo unamkinga kondoo asiuawe na majani.

Ndiyo maana maneno "mbegu safi" yananikera. Yanamfanya msomaji adhani kondoo huyu anaweza kutunzwa zizini popote akabaki yuleyule. Kweli, mwaka 1974 baadhi yao walihamishiwa Linga Holm, kisiwa kingine cha Orkney, wawe akiba. Busara hiyo. Ila ukuta wenyewe bahari haiachi kuubomoa. Dhoruba ya Desemba 2012 iliangusha vipande virefu, na wakazi wa kisiwa hawafiki hata 100. Tangu 2016 watu wa kujitolea huja kiangazi kusaidia kupanga mawe upya, moja moja, kwa mkono.

Ningekuwa na hela ya kuchangia, nisingegharimia zizi. Ningemlipia mmoja wa hao nauli ya kufika kisiwani.