Nani achague neno la kukoleza?

Msimu wa mvua uliopita nilikaa na mama mmoja mkulima wa viazi mviringo pale Isyonje, barabara ya Kitulo na Makete inapochepuka kutoka ile ya Uyole kwenda Tukuyu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Nilimpa simu yake mwenyewe, nikamwomba anisomee kwa sauti ukurasa wa kupulizia dawa kwenye programu tunayoitengeneza kwa ajili ya wakulima. Kioo kilikuwa na ufa kuanzia kona ya juu. Akaupangusa kwa kanga, akasoma taratibu: "Upulizie dawa mvua ikikaribia." Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo, mwanangu, wingu likianza kutanda ndipo nibebe bomba?"

Sentensi tuliyoandika ilikuwa "Usipulizie dawa mvua ikikaribia." Neno la kwanza lilikuwa jekundu, herufi nzito, kubwa kuliko mengine yote ukurasani. Tulikuwa tumefanya kila kinachofundishwa kuhusu kukoleza onyo, na bado mama anayesoma Biblia yake kila Jumapili alisoma kinyume chake. Angetii alichosoma, dawa ya kuzuia ukungu ingeoshwa majanini kabla haijakauka, hela yake ikaishia kwenye mtaro.

Niliporudi Mbeya mjini nililitazama neno lile kwa muda mrefu. Kwa Kiingereza katazo lina neno lake, limesimama peke yake, unalikoleza na kazi imekwisha. Kwetu katazo ni silabi moja, "si", iliyobanwa kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi wa kitenzi. Ukikoleza neno zima unakoleza kila kitu kwa pamoja: nafsi, katazo na kitendo. Weka "upulizie" na "usipulizie" kwa wino mwekundu mzito kwenye skrini ndogo yenye ufa, uone zinavyofanana. Jicho linadaka "pulizie", kwa sababu ndiyo sehemu ndefu, na linaendelea na safari.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kukoleza ile "si" peke yake. Vifaa vyetu vya kuandikia programu vinaruhusu. Kwenye Android kuna SpannableString, unayoiambia mtindo uanze nafasi fulani na uishie nafasi fulani. Kwenye Jetpack Compose kuna AnnotatedString. Kwenye iPhone kuna NSAttributedString. Kwenye Flutter, tunayoitumia sisi, kuna TextSpan, ambamo sentensi moja inakatwa vipande na kila kipande kinapewa mtindo wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojali neno linaanzia wapi. Hesabu inaanza sifuri, kwa hiyo "u" iko nafasi ya 0, na "si" inaanza nafasi ya 1 na kukoma kabla ya nafasi ya 3. Dakika tano tu, ikawa tayari.

Nikaipeleka Isyonje. Mama akasoma "u", akatulia. Akasoma "si", akatulia tena. Kisha "pulizie", kama maneno matatu ya watu watatu. Kiswahili tunakisoma silabi zikiwa zimeshikana, na wino ukibadilika katikati jicho linadhani neno limekwisha. Nilikuwa nimelivunja neno kwa kutaka kulisaidia.

Aliyetutoa hapo ni bwana shamba wa kata, aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri pikipiki yake ijazwe upepo. Aliuliza swali moja: "Kwa nini msiandike mwiko?" Tukaandika "Mwiko kupulizia dawa mvua ikikaribia", tukakoleza neno la kwanza tu. Mama alisoma "Mwiko", akainua kichwa kabla hata hajafika mwisho wa sentensi. Zaidi ya hapo, kisoma skrini kama TalkBack, kinachomsomea kwa sauti mtu asiyeona, kwa kawaida kinasoma maneno bila kukuambia lipi lina wino mzito. Mtu asiyeona alikuwa hapati chochote kutoka kwenye wekundu wetu, lakini "mwiko" analisikia.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao nimeshabishana nao na wenzangu kadhaa wa kazi hii hapa Mbeya na Iringa: neno lipi likolezwe achague mtu aliyeandika sentensi, na aliyeandika awe mtu wa lugha na wa shughuli yenyewe. Mtengeneza programu asichague. Mbunifu wa mwonekano naye asichague. Leo hii, kwenye programu nyingi zinazotufikia kwa Kiswahili, uamuzi huo umeshafanywa mbali, juu ya sentensi ya Kiingereza, na sisi tunapokea tafsiri iliyovishwa nguo za mwili mwingine.

Hili nalisema nikiwa na kidonda chake. Toleo letu la kwanza tuliliandika kwa Kiingereza kisha tukalitafsiri, na mitindo tulikuwa tumeiweka kwa kuhesabu nafasi za herufi ndani ya msimbo. Kulikuwa na sentensi ya kumwambia mkulima angoje siku 14 kabla ya kuvuna, kama lebo ya dawa tuliyoielezea ilivyotaka. Kwa Kiingereza, namba na neno la siku vilianzia nafasi ya 5 na kukoma kabla ya nafasi ya 12. Tulipotafsiri ikawa "Subiri siku 14 kabla ya kuvuna", na hesabu ikabaki ileile. Hesabu nawe: wino mzito ulianguka kwenye "i" ya mwisho ya "Subiri", ukafunika "siku", ukakoma mlangoni mwa namba. Ile 14, ambayo ndiyo sababu ya sentensi nzima kuwepo, ilibaki nyembamba. Programu haikulalamika hata kidogo, kwa kuwa kwa kompyuta hakuna kosa lolote hapo. Tuliligundua baada ya wiki kadhaa.

Dawa yake inajulikana na ni ya zamani: alama iwe ndani ya sentensi, isafiri nayo inapotafsiriwa. Android inakuwezesha kuandika <b>, alama ya wino mzito, ndani ya faili la maneno lenyewe, au kutumia alama ya annotation ambayo unaipa maana unayoitaka na mfasiri anaihamisha hadi kwenye neno linalostahili. Ila angalia usichukue sentensi kwa amri ya getString, kwa sababu hiyo inavua mitindo yote. Inayoibakiza ni getText. Na humohumo kwenye faili, neno letu "ng'ombe" linahitaji mkwaju wa nyuma (\) kabla ya kile kiritifaa chake ('), la sivyo neno halitoki kama ulivyoliandika. Kiritifaa hichohicho kinawasumbua pia wanaokoleza maneno yaliyotafutwa: ukiiachia programu ikate maneno kwa kanuni iliyozoea Kiingereza, "ng" inapata rangi na "ombe" inaachwa nje.

Kwa upande wetu tulichagua njia rahisi zaidi, na naipenda kwa sababu watu walikuwa nayo tayari. WhatsApp ilileta nyota (*) za kukoleza mwaka 2016. Leo ingia kwenye kundi lolote la michango ya harusi au msiba hapa Mwanjelwa, utamwona katibu akiweka nyota mbili kwenye jumla ya fedha na nyota mbili kwenye tarehe ya kikao, na majina ya waliochanga akiyaacha bila wino mzito ili yasigombane. Hakuna aliyemfundisha usanifu wa maandishi. Anajua watu wake wanatafuta nini wakifungua ujumbe. Basi bwana shamba anatuandikia sentensi na nyota zake kama anavyoandika kwenye kundi la kata, na kipande kidogo cha msimbo kinazigeuza kuwa TextSpan. Hahitaji kujua TextSpan ni nini.

Wenzangu wanaopinga wana hoja, na sehemu yake naikubali. Wanasema ukimwachia kila mwandishi, programu itakuwa kama tangazo la mnada: nyekundu hapa, kijani kule, herufi kubwa tupu kila mstari. Ni kweli, nimeziona kurasa hizo. Ndiyo maana mwandishi wetu hapewi rangi wala ukubwa. Anapewa alama mbili tu: moja ya onyo na moja ya kipimo. Onyo litaonekanaje, rangi gani, uzito gani, hiyo ni kazi ya mbunifu, na anaifanya mara moja kwa programu nzima. Mbunifu ndiye anayejua kwamba mwongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na kwamba kijivu kinachopendeza ofisini kinapotea kabisa shambani saa saba mchana. Hilo simnyang'anyi. Ninachomkatalia ni kuchagua neno.

Herufi za mlazo tumeziacha kabisa. Kiingereza hulaza neno pale sauti inapopanda. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa "ndi-": "Asubuhi ndipo upulizie." Msisitizo umeshakaa ndani ya sentensi, na kuulaza tena ni kumwekea mtu chumvi kwenye mboga iliyokwisha kuungwa. Isitoshe, fonti ikiwa haina mlazo wake, simu inazipinda zile za kawaida kwa nguvu, na kwenye kioo kidogo zinakuwa kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Lipo jambo jingine ambalo ningependa kila anayetumia Flutter alikague leo hii. Mzee mmoja wa Ilembo, kule Umalila, alituambia programu yetu "inanong'ona panapotakiwa kusema". Sikumwelewa. Nilimwamkia, nikakaa karibu yake kwenye benchi, nikaiona simu. Alikuwa ameongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio hadi mwisho, kama wafanyavyo wazee wengi ambao miwani yao ni ya miaka mingi. Maelezo ya kawaida yalikuwa makubwa, yanasomeka vizuri. Lakini kila sentensi yenye onyo au kipimo ilikuwa ndogo vilevile kama tulivyoipanga ofisini. Kwenye ukurasa mzima, maneno madogo kuliko yote yalikuwa yale ambayo mtu akikosea anapoteza shamba.

Sababu ni hii. Kwenye Flutter, maandishi ya kawaida tuliyaweka kwa Text, ambayo inafuata ukubwa aliouchagua mwenye simu. Sentensi zenye vipande vya mitindo tuliziweka kwa RichText, na RichText usipoipa kipimo hicho mwenyewe haikifuati. Inabaki na ukubwa wake wa kuzaliwa. Ukitumia Text.rich unapata vipande vilevile na ukubwa unafuatwa. Tofauti ni neno moja kwenye msimbo. Tuliandika RichText kwa sababu mifano mingi tuliyojifunzia iliandikwa hivyo, na kwenye simu zetu sisi vijana, ambazo hatujawahi kugusa mipangilio hiyo, kila kitu kilikuwa sawasawa. Nilitembelea kurasa zetu moja moja usiku ule hotelini, nikakuta sehemu 31. Iliniuma, kwa sababu tulikuwa tumechukua muda kuamua lipi ni muhimu, halafu tukalinyima ukubwa hilohilo.

Siku hizi kabla ya kutoa toleo jipya tunaongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho na kupitia kurasa zote tukiwa nje, juani. Android 14, iliyotoka mwaka 2023, inamruhusu mtu kufikia asilimia 200, na kwa maneno yetu marefu hiyo ni kazi kweli: "usipoyachanganya" linaweza kujaza mstari mzima peke yake. Ikitokea hivyo tunamrudishia bwana shamba sentensi aiandike upya. Hatupunguzi herufi.

Wiki iliyopita alinirudishia faili la kurasa za kuhifadhi mbegu ghalani. Nilitarajia nyota nyingi, maana ghalani ndiko viazi vinakoharibika kimyakimya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi tisa na jozi moja tu ya nyota, kwenye neno "giza". Nilimpigia kumuuliza kama amesahau zingine. Akanijibu kwamba hapana, watu wa Isyonje wanajua kila kitu kingine kilichoandikwa pale. Wanachokosea ni hicho. Mbegu wanazifungia gizani kama viazi vya kula, wakati mbegu zinataka mwanga hafifu ili machipukizi yatoke mafupi na imara. Nikaliacha neno lilivyo, na sentensi nane zikabaki bila alama yoyote.