Kazi ya kwanza ya mhandisi huamuliwa kwenye PT

Muulize mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa nne, awe wa Mlimani, wa DIT au wa MUST kule Mbeya, anataka kuanzia kazi wapi. Atakutajia mshahara, wazazi, deni la mkopo, miradi mikubwa ya serikali. Yote hayo yana uzito. Lakini mimi niliyekaa saiti nikipokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, yaani PT, naamini kuna jambo linaloyazidi yote: je, alipokuwa PT, kuna mtu aliyempa kazi ya maana?

Suala la fedha halina ubishi. Aliyesoma kwa mkopo anajua akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara, na nyumbani wadogo zake wanasubiri ada. Ofa ya kwanza kutokea ndiyo anayoishika. Ndiyo maana unamkuta mhandisi mitambo yuko benki anapitia maombi ya mikopo, na sina sababu ya kumlaumu. Wazazi nao wanamsukuma serikalini, kwenye pensheni na kazi isiyoyumba. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitoka, vijana huomba kila nafasi yenye neno mhandisi, kituo kiwe popote.

Miradi mikubwa nayo imewavuta wengi. Mkataba wa Bwawa la kufua umeme la Julius Nyerere ulisainiwa Desemba 2018. Mwanafunzi aliyekuwa sekondari wakati ule alifika chuo kikuu akakuta mitambo ya megawati 2,115 inafungwa Rufiji. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, ikaanza kubeba abiria hadi Dodoma. Mtu akikua anayaona hayo, lazima atamani. Tatizo ni kwamba ujenzi una mwisho wake. Mkandarasi akikabidhi kazi hufungasha vyake, na kijana aliyejipanga kuingia kwenye mradi ule anahitimu akikuta kambi imeshavunjwa.

Turudi kwenye PT. Ni wiki chache tu za likizo ndefu, lakini ndipo mwanafunzi anapoionja kazi yenyewe. Nakumbuka binti mmoja wa mwaka wa pili tuliyemkabidhi kupima slampu, yaani ulaini wa zege kabla halijamiminwa. Unachukua koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300, unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo mara 25, kisha unainyanyua koni taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Asubuhi moja zege la gari lililokuwa limefika lilishuka kupita kiwango. Akamwambia dereva asimwage. Dereva akapandisha sauti, fundi mkuu akaja, kipimo kikarudiwa, jibu likawa lilelile. Gari likageuzwa. Kuanzia siku hiyo mafundi walimwita injinia, na yeye alipohitimu aliomba kazi za maabara ya vifaa vya ujenzi peke yake.

Wenzake wangapi hawapati nafasi kama ile? Wengi wanawekwa ofisini kutoa kopi. Logibuku, daftari la kuandika kazi za kila siku, inajazwa Ijumaa kwa wiki nzima, msimamizi anatia sahihi bila kusoma, na msimamizi wa chuo akifika anakaa nusu saa anaondoka. Kijana wa namna hii anarudi chuoni akiamini kwamba fani yake haina kitu. Akija kuchagua kazi atabaki na kigezo cha mshahara pekee, maana kingine hajakiona.

Kinachoniuma zaidi ni namna nafasi zenyewe zinavyopatikana. Mwenye mjomba kwenye shirika la umeme anapigiwa simu moja tu. Aliyetoka Kasulu, asiyemjua mtu Dar es Salaam, anazunguka na barua mkononi kutoka Posta hadi Mikocheni, mwisho anapokelewa kwenye karakana isiyohusiana na anachosomea. Huyu baadaye tunasema alichagua kazi fulani, wakati uchaguzi wake ulishabanwa tangu mwaka wa kwanza.

Kwa mabinti kuna la ziada, nalo ni rahisi kulitatua: choo na chumba cha kubadilishia nguo. Saiti isiyo navyo inamwambia binti kwamba hakutarajiwa pale, na akihitimu atatafuta kazi ya ofisini hata kama moyo wake uko kwenye madaraja.

Mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa kuwalea wahitimu, SEAP, ulioanza 2003, ni mzuri, na miaka yake mitatu imewasaidia vijana wengi kufikia usajili kamili. Ila unamkuta mtu ameshahitimu, na wengine wakati huo wameshapotelea kwingine. Ningependa Bodi iutambue usimamizi wa mwanafunzi wa PT kuwa sehemu ya wajibu wa mhandisi aliyesajiliwa. Vyuo viyagawe maombi ya nafasi vyenyewe, visiwaachie watoto wakapambane na walinzi getini. Na sisi tulioko saiti, kijana akifika Jumatatu, tumpe kipimo kimoja au mchoro mmoja ambao jibu lake tutalitumia kweli, na tumwambie kuwa tumelitumia.