MDMA, wanajeshi wastaafu na saa ambazo hospitali zetu hazina

Agosti 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilikataa kuidhinisha MDMA, dawa ya kulevya ijulikanayo pia kama ecstasy, itumiwe pamoja na tiba ya mazungumzo kuwatibu wagonjwa wa kiwewe, yaani watu ambao vita, ubakaji au ajali imewaachia jinamizi, hofu na hasira zisizokwisha. Miezi miwili kabla ya hapo, jopo la washauri wake lilikuwa limeamua kwa kura 10 dhidi ya 1 kwamba faida zilizoonyeshwa hazizidi hatari. Australia ilikwisha kufuata njia tofauti: tangu Julai 2023, madaktari wa akili waliopewa kibali maalumu wanaweza kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. Mjadala huu unatuhusu sisi tunaoishi Nakuru, kaunti yenye kambi za jeshi za Lanet na Gilgil, na unawahusu jirani zetu wa Eldoret, ambako Januari 2016 taifa lilikusanyika kuwaomboleza askari waliouawa El Adde, Somalia. Wengi wa waliorudi hai kutoka operesheni ile wamekwisha kuvua sare, na wanaishi mitaani mwetu.

Wanaoitetea tiba hii wana hoja nzito. Katika utafiti wa awamu ya tatu, yaani hatua ya mwisho ya majaribio kabla ya kuomba kibali, uliochapishwa 2023, wenye washiriki 104, asilimia 71 ya waliopewa MDMA hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa. Utafiti uliotangulia, wa 2021, ulitoa asilimia 67, na washiriki wake walikuwa wameishi na maradhi hayo kwa wastani wa miaka 14. Mke wa mwanajeshi mstaafu mmoja wa mtaa wa Free Area aliwahi kunieleza kwamba mumewe halali kitandani. Hulala kwenye kiti cha sebuleni akiuelekea mlango, na gurudumu la matatu likipasuka barabarani huwa amekwisha kulala kifudifudi sakafuni kabla watoto hawajaelewa kilichotokea. Familia ya namna hiyo, ambayo imeshajaribu vidonge, maombi na kunyamaza, ina haki ya kuuliza kwa nini inaambiwa isubiri.

Hata hivyo, waliopinga hawakuwa na roho mbaya. Aliyemeza MDMA hujua upesi kuwa ameimeza, na aliyepewa kidonge kisicho na dawa hujua vilevile, kwa hiyo matumaini ya mmoja na masikitiko ya mwingine huingia katika matokeo bila kupimika. Wanajeshi wastaafu, ambao ndio hutajwa zaidi katika kampeni za kuitetea, walikuwa wachache miongoni mwa washiriki wa tafiti hizo mbili. Linalonisumbua zaidi ni habari ya mgonjwa wa utafiti wa awali nchini Kanada ambaye watoa tiba wake walivuka mipaka ya kimwili naye. Dawa inayomfungua mtu moyo kwa saa nyingi humwacha pia bila kinga mbele ya yeyote aliyeketi kando yake.

Kuna wanaosema tuache MDMA ya maabara tuitazame ibogaini, kwa kuwa asili yake ni mmea wa iboga wa Gaboni, basi ni tiba ya Waafrika. Januari 2024, watafiti wa Stanford waliripoti nafuu kubwa kwa wanajeshi 30 wa zamani wa vikosi maalumu vya Marekani waliotibiwa nayo huko Meksiko. Lakini utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, na ibogaini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua, ndiyo maana wagonjwa wale walipewa magnesiamu na kuangaliwa kwa karibu. Kuota kwake katika bara letu hakuipunguzii sumu.

Kwa maoni yangu, takwimu inayotufaa zaidi ni ile isiyopigiwa mbiu. Katika utafiti wa 2023, waliopata tiba ileile ya mazungumzo pamoja na kidonge kisicho na dawa walipona kwa kiwango cha asilimia 48. Ni karibu nusu, kwa mazungumzo tu. (Katika ule wa 2021 walikuwa asilimia 32, nayo si haba.) Mpango wenyewe ulikuwa na vikao vitatu vya dawa vya takribani saa nane kila kimoja, na vikao kumi na viwili vya dakika 90 vya maandalizi na ufuatiliaji, vyote mbele ya watoa tiba wawili. Ukijumlisha, ni saa 42 za mgonjwa mmoja na saa 84 za wataalamu. Katika hospitali zetu za rufaa, mgonjwa wa akili huamka alfajiri, hupanga foleni hadi adhuhuri, kisha huonwa kwa dakika chache na kuondoka na cheti cha dawa. Hata dawa ikiruhusiwa kesho, nani atakaa naye saa nane?

Jibu lisitafutwe mbali. Kisumu, watu wasio wataalamu wa afya ya akili walifunzwa kutoa tiba ya mazungumzo kwa wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliopitia ukatili, na utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa sonona na kiwewe vilipungua. Tiba hiyo haigusi sheria ya 1994 ya udhibiti wa dawa za kulevya, na wastaafu wa Lanet na Eldoret wangeweza kufunguliwa mlango huohuo mwaka huu. Naelewa kwamba kiwewe cha vita kina makovu yake, na kwamba wapo ambao mazungumzo hayatawatosha. Kwa ajili yao nisingependa utafiti wa MDMA upigwe marufuku hapa nchini. Ukifanyika, uwe ndani ya hospitali yenye uwezo wa kupima moyo, kila kikao kirekodiwe kwa video, na familia ipewe, kabla ya kidonge cha kwanza, nambari ya simu ya mtu asiyeajiriwa na watafiti, atakayepokea malalamiko na mwenye mamlaka ya kusimamisha tiba.