Dermot Morgan hakubahatika

Ukimtaja mchekeshaji Dermot Morgan mbele ya Mwairishi, atakujibu kwa jina la padri aliyemwigiza kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni: Father Ted. Kola nyeupe, mvi zilizochanwa vizuri, nyumba ya mapadri kwenye kisiwa cha Craggy ambacho hakuna ramani inayokijua. Kipindi hicho nakipenda. Nisichokubaliana nacho ni ile hadithi kwamba Morgan alikuwa mchekeshaji wa kawaida aliyeokotwa na bahati akiwa na umri wa miaka 40 na ushei. Tazama alikopita ndipo useme.

Alizaliwa Dublin mwaka 1952, akasoma chuo kikuu hapohapo, kisha akawa mwalimu wa sekondari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuonekana kwenye The Live Mike, kipindi cha RTÉ, shirika la utangazaji la taifa. Humo alimwigiza Father Trendy, padri kijana anayejitahidi kuonekana wa kisasa, ambaye kila jambo la mtaani hulivuta kwa nguvu hadi lifike kwa Mungu. Watu walimpenda. Kipindi kilipokwisha mwaka 1982, miaka ikaanza kumpita akihangaika huku na huko. Mwaka 1985 alitoa wimbo wa kumtania bondia Barry McGuigan, aliyekuwa na mazoea ya kumshukuru meneja wake kila baada ya pambano. Ukashika namba moja Ireland Krismasi ile. Kwa mchekeshaji anayetafuta kazi ya kudumu, huo haukuwa mkate wa kila siku.

Halafu ikaja redio. Scrap Saturday ilianza mwaka 1989 kwenye RTÉ, Jumamosi asubuhi. Morgan aliiandika pamoja na Gerry Stembridge, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, Father Ted ikiwemo. Waziri mkuu wakati huo alikuwa Charles Haughey, mwanasiasa mwenye jumba la kifahari nje ya Dublin, farasi na kisiwa chake mwenyewe baharini, vyote kwa mshahara wa serikali. Nchi nzima ilikuwa ikijiuliza kimyakimya pesa zinatoka wapi. Morgan alimgeuza kuwa mfalme mdogo anayenguruma kila saa, na pembeni yake akamweka msemaji wake, P.J. Mara, akiitikia kama mtumishi wa ikulu. Ilikuwa dhihaka isiyo na heshima hata kidogo. Wasikilizaji waliahirisha shughuli zao za Jumamosi ili wasiikose.

Mwaka 1991 RTÉ ikaifuta Scrap Saturday. Morgan alisema waziwazi kuwa ni woga mbele ya wanasiasa. Shirika likasema siasa haikuhusika. Kila mmoja ana haki ya kuamini upande wake. Mimi naangalia tu kilichofuata: mwaka 1997 tume ya uchunguzi ilithibitisha kuwa Haughey alikuwa amepokea zaidi ya pauni milioni moja kutoka kwa mfanyabiashara wa maduka makubwa, Ben Dunne. Miaka sita kabla ya jaji kuandika ripoti yake, mchekeshaji alikuwa amekwisha kuwachekesha watu kwa swali lilelile. Nani basi alikuwa anafanya utani, na nani alikuwa anatangaza habari?

Mtu huyu ndiye waliyemkuta Graham Linehan na Arthur Mathews walipokuwa wanamtafuta padri wao. Wao ndio walioandika maneno ya Father Ted, na waliyaandika kwa ajili ya Channel 4 ya London, si kwa RTÉ. Kipindi kilianza mwaka 1995, kikaenda misimu mitatu, sehemu 25 kwa jumla. Picha za nje zilipigwa kaunti ya Clare, na nyingine nyingi studio mjini London. Kwa hiyo mapadri hawa wa Ireland walianza kuchekwa kwenye televisheni ya Waingereza kabla ya kurudi nyumbani.

Sisi wa Afrika Mashariki tunamfahamu padri wa Kiairishi. Wapo waliofika Turkana na Kitui, wakajenga shule na hospitali, na masista wa Loreto wamewasomesha mama zetu na shangazi zetu. Hao ni wale waliosafiri. Father Ted inawahusu waliobaki, tena waliotupwa mahali ambapo askofu hataki kuwaona. Ted mwenyewe yuko Craggy kwa sababu pesa zilizochangwa kumpeleka mtoto kuhiji Lourdes, Ufaransa, ziliishia kwenye safari yake ya Las Vegas. Kila anapoulizwa, hujibu kuwa zilikuwa zimepumzika tu kwenye akaunti yake. Mtazamaji wa Ireland hakuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1992 Askofu Eamonn Casey wa Galway alijiuzulu baada ya kubainika kuwa ana mtoto, na kuwa alikuwa amechota fedha za jimbo. Nadhani na msomaji wa Nairobi au Dodoma hahitaji kufafanuliwa jinsi pesa zinavyopumzika.

Watu wengi ukiwauliza nani anawavunja mbavu humo, watataja Dougal, padri kijana asiyeelewa kitu, au Father Jack mlevi, au Mama Doyle na birika lake la chai. Ni sawa, hao ndio wenye vituko. Lakini kituko bila shahidi hakichekeshi. Mtu anayekufanya ucheke ni yule anayejaribu kumweleza Dougal, kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba ng'ombe hawa wa plastiki ni wadogo na wale wa nje wako mbali, huku uso wake ukionyesha matumaini yakizimika. Kazi ya aina hiyo haipigiwi makofi kwa sababu ikifanywa vizuri huioni.

Ukitaka kumwona Morgan mwenyewe, tafuta sehemu ya Krismasi ya mwaka 1996. Ted anapewa tuzo ya mapadri, anapanda kuzungumza, na badala ya kushukuru anatoa orodha ya wote waliomkosea maishani, kundi baada ya kundi, hadi waalikwa wanachoka. Maneno ni ya Linehan na Mathews, najua. Ila siamini kuwa mwigizaji aliyefutiwa kipindi na watu wa nyumbani alihitaji mazoezi mengi ili kuyatoa kwa utamu ule.

Alifariki London tarehe 28 Februari 1998 kwa mshtuko wa moyo, siku moja baada ya kumaliza kurekodi sehemu ya mwisho. Alikuwa na miaka 45. Alishasema hataendelea kuwa Ted, kwa kuogopa asije akavaa kola ile hadi uzeeni, na alikuwa anaandika vichekesho vipya kuhusu wachezaji wawili wa zamani wa mpira wanaoishi pamoja. Msimu wa tatu ulicheleweshwa wiki moja kwa heshima yake. Rais wa Ireland wa wakati huo, Mary McAleese, alihudhuria mazishi. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya BAFTA, tuzo ya filamu na televisheni ya Uingereza, kwa uigizaji wa vichekesho, naye hayupo.

Leo yuko kwenye bustani ya Merrion Square, Dublin, kwa namna ya kiti cha shaba cha mzaha kilichowekwa kwa kumbukumbu yake, na RTÉ imekwisha kurusha Father Ted mara nyingi tu. Ningefurahi zaidi kama Scrap Saturday nayo ingerushwa hivyohivyo, Jumamosi asubuhi, saa yake ileile.